Simu Ianze, Mikono Imalize



Likizo inapofika, malalamiko katika nyumba nyingi ni yale yale: mtoto habanduki kwenye simu. Mama yuko jikoni, baba yuko kazini, na simu imegeuka yaya. Mtoto ametulia kweli, lakini kutulia si kujifunza. Mwezi huu tuzungumze jinsi simu hiyo hiyo inavyoweza kumfundisha mwanafunzi wa shule ya msingi, tena kwa furaha.

Kanuni yetu ni moja: simu ianze, mikono ya mtoto imalize. Anachokitazama tu hupita upesi. Anachokipima, kukichora au kukisimulia hukaa.

Kwanza, hesabu. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, kwa nyimbo na visa. Zinapatikana pia YouTube. Kipindi kimoja kinatosha, kisha mwite jikoni. Kama amejifunza sehemu, mpe chungwa alikate robo nne, umwulize: ukila robo moja, zimebaki ngapi? Mpe kikombe apime unga wa chapati: tukipika nusu ya kiasi cha jana, tuweke vikombe vingapi?

Pili, kusoma. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hutoa bure hadithi za watoto zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Ukishazipakua, mtoto atasoma hata bando likiisha. Soma naye, lakini kabla ya ukurasa wa mwisho, funika simu. Mwambie aandike na kuchora mwisho wake mwenyewe, kisha mshone karatasi zake kwa uzi ziwe kijitabu. Ndipo mfunue simu mwone mwandishi alimalizaje. Usimlazimishe afuate mwisho wa mwandishi. Mwache asome wake mbele ya baba na wadogo zake.

Tatu, kubuni. Scratch ni programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto hupanga vipande vya maagizo kama apangaye matofali, na picha ikatembea au ikasema. Hii hufaa zaidi kwenye kompyuta. Asiye nayo asikate tamaa: mwambie mtoto akuagize hatua za kupika chai, bila kuwasha moto, nawe utende neno kwa neno. Akisema "weka majani" kabla ya kutaja sufuria, yaweke mezani! Atacheka, kisha atapanga upya. Hapo amejifunza msingi wa kazi hiyo: kompyuta hutenda inachoambiwa, si unachokusudia.

Sasa neno letu la kiuguzi. Kila baada ya dakika 20, mtoto aondoe macho kwenye simu, atazame kitu kilicho umbali wa kama mita 6 kwa sekunde 20. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Basi wacheze nje. Mwenye miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, kwa hiyo simu isilale naye chumbani. Aitumie sebuleni, mbele ya macho yenu. Asiandike jina lake kamili, shule yake wala namba ya simu, na asimjibu mtu asiyemjua.

Akina mama wenzetu, kazi hii haidai elimu kubwa. Inadai nusu saa ya kukaa na mtoto. Jioni, badala ya kumwuliza "Umetazama nini?", mwulize "Umetengeneza nini?" naye akuonyeshe. Siku asipokuwa na cha kuonyesha, ujue simu imerudia kazi ya yaya, na kesho mnaanza tena na chungwa.