Chuo Nacho Kiulizwe Sifa Zake

Jirani yangu hapa Nkuhungu ni mhasibu serikalini. Alihamia Dodoma pamoja na wizara yake, baada ya Serikali kuamua mwaka 2016 kutekeleza kwa vitendo uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu huku. Mwaka jana aliomba kusoma shahada ya uzamili ya utawala wa biashara katika chuo ambacho sitakitaja. Alikataliwa. Shahada yake ya kwanza ina GPA ya 2.6, chuo kinataka 2.7.

Nikiri mapema, ndugu msomaji: nimewahi kukaa katika kamati za udahili, na waombaji wa namna yake nimewakata bila kusoma ukurasa wa pili. Kigezo kilikuwa wazi, nami nikajiona mwadilifu.

Sidai milango iachwe wazi. Katika mfumo wetu wa alama tano, 2.7 ndipo linapoanzia daraja la pili la chini, na shahada ya uzamili inayogawiwa kama njugu haimfai yeyote. Lakini mhasibu huyu amefunga hesabu na kujibu hoja za ukaguzi kwa miaka kumi na miwili. Kumpima kwa alama alizopata akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, na kwa hizo pekee, ni kukataa kuona kilicho mbele ya macho. Ipo njia ya kupitia stashahada ya uzamili, ambayo vyuo kadhaa huikubali. Kwake maana yake ni ada nyingine na mwaka mwingine kwa ajili ya sehemu moja ya kumi ya alama.

Sasa tuligeuze swali. Mwanafunzi wa jioni hutoka ofisini saa tisa na nusu alasiri, hubadili daladala mjini, hufika darasani amechoka. Anakuta nini? Nimefundisha jioni katika ukumbi ambao umeme ulikatika, tukamalizia somo kwa mwanga wa simu. Nimeona maktaba ikifungwa wakati wanafunzi hao ndiyo kwanza wanatoka darasani. Hakuna aliyeikatalia shule hiyo kwa kukosa sifa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wala tusisingizie umaskini wa majengo. Ukumbi wa Chimwaga, ambamo CCM ilimteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995, ulikuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Jiji hili halijakosa kuta. Kinachokosekana ni mkutubi wa zamu ya usiku, jenereta yenye mafuta na intaneti isiyokatika.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, 2.7 ibaki kuwa mlango mkuu, ila seneti za vyuo na Tume ya Vyuo Vikuu ziweke mlango wa pili wenye mtihani, usaili na ushahidi wa kazi. Pili, kila shule ya biashara inapotangaza sifa za waombaji, itangaze na zake: saa za maktaba, idadi ya walimu wenye shahada ya uzamivu, na ukubwa wa darasa la jioni.

Jirani yangu anakusudia kuomba tena. Nimemshauri kwamba kabla ya kulipa ada ya maombi aende chuoni saa mbili usiku, ajaribu mlango wa maktaba.