Jalada Likihama, Jamaa Wasipotee

Askari anapopata uhamisho, mizigo yake hupakiwa garini kwa siku moja, na kesho yake mkewe ameshajua kisima cha kambi mpya kiko wapi. Jalada lake ndilo lenye safari ngumu. Likifika bila hati ya ndoa, mke hatambuliwi. Likifika na namba iliyokosewa, mshahara hukwama na mtoto hurudishwa mlangoni mwa zahanati. Mtu amefika mzima wa afya, lakini katika vitabu bado hajafika.

Jambo hilohilo hutokea ndani ya kompyuta. Maandishi ya tovuti hayakai katika ukurasa ule unaoonekana machoni, bali katika hifadhidata, ambayo ni masijala yake. Mfumo wa kusimamia maudhui, kama Drupal ulioanza mwaka 2001 au WordPress ulioanza mwaka 2003, hufanya kazi ya karani. Msomaji akiomba ukurasa, karani huyo huchukua habari katika rafu moja, picha katika rafu ya pili na jina la mwandishi katika rafu ya tatu, kisha huvishona pamoja. Taabu huanza siku masijala inapohamishiwa jengo jingine.

Chukua mfano wa kijana wa Chinsapo, mjini Lilongwe, aliyepewa kazi ya kuhamisha tovuti ya chama cha washonaji wa Dzaleka. Katika masijala ya zamani, habari ya mishono ya vitenge ilikuwa namba 12, na picha yake imeandikwa kwamba mzazi wake ni namba 12. Katika masijala mpya, namba hiyo imekwisha kuchukuliwa na tangazo la msiba. Habari ya vitenge ikapewa namba 340, lakini picha haikuambiwa. Basi tovuti inapofunguliwa, gauni la harusi limekaa chini ya tangazo la msiba. Hakuna kilichoibiwa wala kilichoungua; ila mtoto amepotezana na mzazi wake njiani.

Dawa yake ni daftari la safu mbili: namba ya zamani na namba mpya. Wazazi huhamishwa kwanza, namba zao zikaandikwa. Ndipo watoto wafuate, na kila mmoja aandikiwe namba mpya ya mzazi wake. Anayeanza na watoto huwapeleka kwa wazazi ambao bado hawajafika.

Kosa la pili ni la herufi. Mifumo mingi ya zamani ilizijua herufi za Ulaya Magharibi peke yake. Herufi ŵ, ambayo Wachewa wameitumia kuandika Malaŵi, haimo katika orodha hiyo, na ikilazimishwa hugeuka alama ya kuuliza. Jina la Aimé kutoka Kongo likisomwa kwa orodha isiyo yake huvurugika mwishoni. Hata Kiswahili hakisalimiki, kwani kile kipande cha juu katika neno ng'ombe, kikiwa kimeandikwa kwa mkunjo, huweza kutokea kama alama tatu zisizo na maana. Inafaa masijala zote mbili zitumie Unicode, mpango wenye herufi za lugha zote hizo.

Huko Dzaleka mambo haya si ya mishono tu. Kambi hiyo, iliyoko wilaya ya Dowa, ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, mahali palipokuwa kizuizi cha wafungwa wa siasa. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mwishoni mwa mwaka 2013, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilifanya hapo jaribio la mfumo mpya wa utambulisho. Watu zaidi ya 17,000 walishiriki, wakachukuliwa alama za vidole, mboni za macho na picha za uso, ili aliyepoteza karatasi zake asipoteze jina lake.

Katika rejesta ya wakimbizi, kila mtu ana namba yake, na kila familia ina namba yake. Posho huhesabiwa kwa vinywa vilivyomo katika namba ya familia. Mtoto akikatika na namba ya mama wakati wa kuhamisha kumbukumbu, sufuria ya nyumba hiyo hupungukiwa. Na familia ikipata nafasi ya kwenda nchi nyingine, jina la mtoto laweza kubaki nyuma. Mwaka 2023 serikali ya Malawi ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee Dzaleka, wako walioacha maduka na vyombo. Mtu anayerudi mikono mitupu hana shahidi mwingine ila jalada lake.

Kwa hiyo, mwenye kuhamisha kumbukumbu, ziwe za tovuti, za kikosi au za ushirika wa akina mama, ashike utaratibu huu. Kwanza afanye nakala kamili na kuiweka mahali pengine. Pili, afanye jaribio kwa nakala, si kwa masijala yenyewe. Tatu, ahesabu: zikitoka habari 900, ziingie 900. Nne, hesabu isimtoshe. Achague kumbukumbu chache, hasa zenye majina magumu na watoto wengi, azisome moja moja kwa macho. Tano, masijala ya zamani isifutwe mpaka wenye majina wenyewe wameitwa, wakayaona majina yao, wakasema, “Ndivyo.”

Tena ulinzi usilegee siku ya kuhama, maana nakala iliyosahauliwa ni mlango ulioachwa wazi. Neno la siri likiibwa hubadilishwa. Alama ya kidole haibadilishwi.

Karani huona mistari ya namba tu, lakini nyuma ya kila namba yuko mtu anayesubiri kuitwa. Mwisho wa kazi si namba zote kuingia. Ni mama kufika dirishani, na mtoto wake akaitwa pamoja naye.