Darasa la Nesi, Sehemu ya 9: Picha ya Mahafali Isimchubue Mtoto

Leo nimechelewa kuandika, nimetoka zamu miguu imevimba. Ila hili siwezi kulilaza.

Wiki hii alikuja mama na binti yake wa kidato cha nne. Mahafali yamebaki wiki mbili. Uso wa binti umekuwa mwekundu, unawaka, mashavuni vipele vimejaa. Nikamuuliza binti umepaka nini? Akamwangalia mama yake. Mama akafungua mkoba, akatoa kopo halina jina wala lebo. Mkorogo, umechanganywa dukani. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Nesi, nilitaka tu atoke vizuri kwenye picha. Ya darasa la saba alitoka mweusi mno."

Sikumgombeza. Ningeanzia wapi? Mwanangu mwenyewe alipomaliza la saba niliishika picha yake nikasema, "Mbona imekutoa mweusi hivi?" Sentensi moja tu. Baadaye nikakuta kikopo cha krimu chini ya godoro lake. Kwa hiyo leo nasema nanyi, na najisema mwenyewe pia.

Msimamo wangu ni huu: rangi ya mtoto haina kosa lolote. Kama picha imetoka vibaya, kosa ni la mwanga na la aliyeshika kamera. Hata watengenezaji wa filamu za picha wana historia hiyo. Kwa miaka mingi Kodak walikuwa wakisambaza kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, zikaitwa kadi za Shirley, na maabara zikarekebisha rangi zilingane na ngozi yake. Ngozi yetu ikawa inatoka kama kivuli. Sasa mtoto wako alipe deni hilo kwa uso wake? Hapana jamani.

Humo kwenye mkorogo mara nyingi tunakuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni dawa kali za steroidi, kama clobetasol. Hizi ni dawa za hospitali, za magonjwa ya ngozi, kwa muda maalum. Ukizipaka usoni kila siku ngozi inakuwa nyembamba, inatoa chunusi, na ukiacha inawaka kuliko mwanzo. Ndiyo maana mtu anashindwa kuacha.

Cha pili ni hydroquinone. Mwanzo inang'arisha. Ikitumika muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi ya bluu ambayo kuyaondoa ni kazi kubwa.

Cha tatu ni zebaki. Hii inapita kwenye ngozi na kuharibu figo. Kwenye boksi inaweza kuandikwa mercury au calomel. Mara nyingi haiandikwi kabisa. Na wewe mama unayenyonyesha, ukiipaka inaweza kumfikia mtoto uliyembeba.

Kama mwanao ameshaanza kupaka na ametumia kwa wiki kadhaa, usimkatishe ghafla kimya kimya. Mlete kituo cha afya, na kopo ulilete. Hakuna atakayekucheka.

Najua kuna atakayeniambia, "Nesi, wewe unaongea tu, dunia inapenda weupe." Sibishi, nimeona. Lakini mahafali yetu mengi ni Septemba na Oktoba, na mtihani ni Novemba. Unataka mwanao aingie chumba cha mtihani uso unawaka na macho yanamwagika machozi? Picha ni ya siku moja. Ngozi atakaa nayo maisha.

Basi tufanye nini? Mambo ya kawaida tu, ila tuyaanze mapema.

Chunusi: anza miezi miwili kabla. Dawa za chunusi huchukua wiki 6 hadi 8 kuonyesha kazi, hakuna ya siku tatu. Aoshe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini. Asizitumbue. Asipake dawa ya meno. Limao kabisa hapana, ukichanganya na jua linaunguza.

Piko: hapa mabinti wa Pwani na Dar nisikilizeni. Piko nyeusi siyo hina. Mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali inayoitwa PPD. Leo mkono umependeza, siku chache baadaye malengelenge, kisha kovu la ua lile lile ulilochorwa. Na ukishapata aleji hiyo, rangi za nywele utaziogopa maisha yote. Achorwe hina ya kawaida, ile ya majani.

Wavulana: wasinyoe ndevu asubuhi ya picha, wanyoe siku mbili kabla ili vipele vitulie. Na kila mtu na wembe wake! Homa ya ini na virusi vya UKIMWI havijui kama leo ni sherehe.

Chakula: asijinyime kula ili joho au gauni likae vizuri. Kila msimu kuna mtoto anaanguka juani kwenye mstari. Ale asubuhi, anywe maji.

Siku yenyewe: uso msafi, mafuta kidogo, poda ya rangi yake. Isiwe ya rangi ya dada yake. Mwambie mpiga picha asimsimamishe kwenye jua la saa sita. Asubuhi, au alasiri, au kivulini penye mwanga wa kutosha. Na umwombe asimng'arishe kwenye kompyuta. Mwambie hivi: "Nataka mwanangu, kama alivyo." Atakuelewa, wewe ndiye unayelipa.

Yule binti tumempa dawa na tarehe ya kurudi. Kwenye mahafali uso utakuwa haujapona vizuri. Alipokuwa anatoka aliniuliza, "Nesi, nisipige tu picha?" Nikamwambia piga. Umesoma miaka minne, piga. Mama yake akageuka ukutani akawa anajifuta macho.

Mama, kabla hujanunua chochote, leo usiku mwangalie mwanao umwambie kapendeza. Hiyo haiuzwi dukani.

Mtumie hii mama mwenzako mwenye mtoto wa kidato cha nne. Maswali leteni, nikitoka zamu nitajibu.