Mazungumzo ya Nyumbani: Pikipiki Iliyokwisha Tumika



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo lililoingia katika nyumba nyingi za Waislamu, mijini na mashambani, nalo ni pikipiki. Hatusemi juu ya pikipiki ya kuchukulia abiria, ambayo kila mtu aijua. Twasema juu ya pikipiki ya mbio iliyokwisha tumika, ambayo vijana wetu huinunua kwa mapenzi makubwa na maarifa madogo.

Tulikuwa Kinole, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Kinole ndiko kwenye makao ya Chifu Kingalu, ambaye jina lake limepewa Soko Kuu la Morogoro. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hukutana na upande huu kwanza, ndiyo maana nchi yake imejaa migomba, michungwa, pilipili manga na mdalasini. Lakini mvua ile ile ineemeshayo mashamba ndiyo iifanyayo njia kuwa ya utelezi, na mtu atokaye Morogoro mjini, akapita Bigwa na Kiroka, kisha akapanda mlima, hapana budi aijue miguu yake au magurudumu yake.

Huko tulimkuta kijana mmoja ambaye mama yake aliuza pilipili manga ya misimu miwili ili apate kumsaidia kununua chombo. Kijana akashuka Dar es Salaam, akarudi na pikipiki ya mbio yenye injini ya sentimita za ujazo 250, imeng'arishwa hata mtu aweza kujitazama uso ndani ya tenki. Alitaka kuipanda jioni ile ile mbele ya wenzake. Mjomba wake, ambaye kwa desturi ya Waluguru ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake, akamzuia.

"Mpwa wangu," akasema, "umeinunua lakini hujaijua. Ipe siku saba."

"Naam, mjomba," kijana akajibu, ingawa uso wake ulionyesha kuwa moyo wake haukupenda.

Sisi twaona mzee yule alisema kweli, na twapenda kueleza sababu. Pikipiki za namna hii asili yake si njia za milimani. Honda ilipotoa CB750 mwaka 1969, na Suzuki ikatoa GSX-R750 mwaka 1985, watu wa ulimwengu walizoea kuona nguvu za viwanja vya mashindano zikiuzwa kwa mtu wa kawaida. Usukani wake uko chini, hata uzito wa mwili huangukia viganjani. Haukati kona fupi kwa wepesi. Shokapu zake ni ngumu, na tumbo lake li karibu na ardhi. Injini yake izungukapo polepole huonekana mpole kama mbuzi, lakini mizunguko ikizidi, nguvu hutoka kwa ghafla. Kijana aliyezoea pikipiki ya abiria, ambayo aghalabu ni ya sentimita 100 hadi 150, akifungua mafuta kwa mazoea yake, aweza kujikuta mahali asipopakusudia.

Basi yafaa siku hizo saba zitumikeje? Kwanza ni karatasi. Namba ya injini na namba ya fremu zisomwe kwa macho, zilinganishwe na zilizoandikwa katika kadi. Kadi ihamishwe katika Mamlaka ya Mapato kwa jina la mnunuzi, bima ikatwe, na mpandaji awe na leseni ya daraja la pikipiki. Chombo chenye jina la mtu mwingine ni mgeni nyumbani mwako. Siku yoyote yaweza kuja kesi usiyoijua mwanzo wake.

Pili ni magurudumu. Tairi laweza kuwa na meno mazuri na huku limekwisha zeeka. Ubavuni mwake mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 2319, lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi juani hukauka na kupasuka, wala haushiki njia iliyolowa.

Tatu ni breki. Breki ya mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, lakini ukiikamata kwa nguvu juu ya changarawe, gurudumu huteleza na mtu akaanguka. Mafuta ya breki nayo huvuta unyevu kadiri siku zipitavyo. Katika mteremko mrefu hupata moto, yakachemka, na mkono wa breki ukawa laini usiwe na nguvu. Mafuta hayo yabadilishwe, maana hujui mwenye kwanza aliyabadilisha lini. Na mtu ashukaye kutoka Kinole asizime injini wala asiiache bila gea kwa kutaka kuokoa petroli. Ashuke katika gea ndogo, ili injini yenyewe imsaidie kuizuia pikipiki. Petroli anayoiokoa haitamlipia mguu uliovunjika.

Nne ni kuiosha kwa mkono wako mwenyewe. Jambo hili vijana hulidharau, wakampa mtoto senti aoshe, na kumbe kuosha ni kutazama mara ya pili. Mkono hupita kila mahali, ukakuta boliti iliyolegea, mnyororo uliokaza kupita kiasi, mafuta yavujayo chini ya injini.

Kijana wetu aliiosha siku ya nne. Jana yake alikuwa ameiendesha polepole mahali pa tambarare, akaona kwamba yavuta upande wa kushoto, akadhani ni upepo wa tairi. Basi alipokuwa akiosha, kidole chake kikagusa kama mshipa chini ya rangi, karibu na shingo ya usukani. Akakwangua kidogo. Fremu ilikuwa imekwisha vunjika, ikaungwa kwa moto, kisha ikapakwa rangi nzuri.

Wasomaji wetu watafakari hapa. Lau kijana angeteremka mlima kwa mbio siku ya kwanza, ungo ule ungaliweza kuachia, na pilipili manga ya misimu miwili ingalinunua sanda.

Lakini mtihani haukuishia hapo. Rafiki zake walimshauri hivi: "Irudishie rangi, uiuze Morogoro. Nawe uliuziwa hivyo hivyo." Maneno haya yana utamu, kwa kuwa mtu aliyedhulumiwa hudhani kwamba amepata ruhusa ya kudhulumu. Sisi twasema, la! Twajua sote habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini kuna unyevu ambao juu hauonekani, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Rangi juu ya ungo na nafaka kavu juu ya nafaka iliyolowa ni jambo moja. Tena sheria yetu yampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akikuta ndani yake aibu ya zamani ambayo hakuambiwa.

Kijana akamwendea mama yake akamweleza yote. Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Hasara ya fedha naiweza, mwanangu. Hasara ya mtoto wa mwenzangu siiwezi."

Mjomba akafuatana naye hadi Dar es Salaam. Muuzaji kwanza alikataa, akisema kwamba aliuza kitu kama kilivyo. Walipokaa mbele ya wazee wa mtaa wake, akakubali kurudisha theluthi ya fedha. Waliporudi, kijana akauza injini na magurudumu kwa fundi, akimweleza kila kitu kilikotoka. Na ile fremu akaikata vipande viwili, mtu mwingine asije akaipaka rangi tena. Kwa fedha alizokusanya alinunua pikipiki ya kawaida, kuukuu vile vile, ambayo sasa yachukua machungwa na ndizi kwenda sokoni. Nayo aliipa siku saba.

Wazazi, msiwakataze vijana tu. Kaeni nao kama alivyokaa mjomba yule. Nanyi vijana, kofia ngumu ivaliwe hata kwa safari ya kwenda msikitini. Someni dua ya kupanda chombo, lakini kwanza tazameni breki, kwa maana aliyeamrishwa kumtegemea Mwenyezi Mungu ameamrishwa pia kumfunga ngamia wake. Na siku mtakapouza, semeni aibu ya mnachokiuza kabla hamjaulizwa. Bei yaweza kupungua, lakini baraka hubaki.

Wabillahi taufiq.