MAJI YANABEBA, LAKINI YANAPELEKA WAPI?

Mhariri, nipe nafasi nitoe la moyoni. Likizo iliyopita nilimwona jirani yetu akitoka kunyunyizia dawa ya magugu kwenye miwa. Aliteremka hadi Mto Sare akaikosha pampu yake pale pale, hatua chache tu kutoka mahali ambapo akina mama walikuwa wakiteka maji. Nilipomwuliza, alicheka. "Nyathina, maji yanabeba kila kitu!"

Yanabeba, sikatai. Lakini yanapeleka wapi? Maji hayo huishia Ziwa Victoria, na ni sisi hao hao tunaonunua mbuta na omena sokoni. Mwaka wa 1999 Umoja wa Ulaya ulikataa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Wazungu walikataa, sisi tuliendelea kula.

Hebu tuigeukie kemia, somo ambalo wengi wetu tunalikariri kwa ajili ya mtihani tu. Kuivunja sumu si kuimaliza. Dawa ya wadudu iitwayo fenitrothioni ikivunjwa na alikali peke yake, kipande kimoja kinachobaki ni sumu vilevile. Mwaka wa 2006 Profesa Terry Collins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha njia safi zaidi: haidrojeni peroksaidi, ikisaidiwa na kichocheo kidogo chenye chuma, iliitafuna dawa hiyo pamoja na kile kipande kibaya. Peroksaidi yenyewe hugeuka maji.

Sawa, kichocheo hicho hakiuzwi madukani Awendo. Lakini huko Uswidi, tangu 1993, kuna wakulima wanaojazia pampu zao juu ya shimo. Chini ni udongo wa mfinyanzi. Juu yake nusu ni mabua makavu ya nafaka, robo udongo, robo mboji ya kinamasi. Kisha nyasi huoteshwa juu. Dawa ikimwagika, kuvu na bakteria walao yale mabua huila nayo.

Nasi tuna makapi ya miwa, jamani! Kisiwani Guadeloupe, wanakolima miwa kama sisi, watafiti waliyajaribu makapi hayo, na matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa glifosati na malathioni huvunjika ndani yake.

Najua viwanda vya sukari huyachoma makapi kuendeshea mitambo. Mkokoteni mmoja hautawaumiza. Wenzetu wa Chama cha Kemia wakichimba shimo nyuma ya shamba la shule, mimi nitakuja na jembe, na yule jirani nitamleta na pampu yake.