Jaribio Lililoshindwa Lisitupwe Shimoni

Mwaka 1942 manowari za Waingereza zilipohamia Kilindini, Mombasa, kiwanja cha ndege cha Tanga nacho kilitumiwa na jeshi lao la majini, kikapewa jina Kilele. Mwezi Mei mwaka ule ule, ndege za Swordfish na Albacore ziliruka kutoka melini na kuishambulia bandari ya Diego Suarez, Madagaska. Kazi yao hasa ilikuwa kubeba topido, yaani kombora liendalo majini.

Swordfish ilivikwa kitambaa na kuwa na mabawa ya ghorofa. Wenzangu huicheka picha yake. Lakini wajue kuwa ilikuwa na kaka aliyekufa. Ndege ya majaribio iliyoitangulia ilianguka mwaka 1933, ikizunguka kama pia, na rubani akaokoka kwa mwavuli. Wahandisi wa Fairey hawakuichoma michoro yake. Waliurefusha mwili, wakayarudisha nyuma kidogo mabawa ya juu, na mwaka 1934 ikaruka Swordfish. Zilitengenezwa zaidi ya 2,300.

Ninayoipenda zaidi ni Supermarine Type 322. Bawa lake liliweza kuinuliwa mbele ndege ikiwa angani, ili ishuke polepole melini. Ziliundwa 2 tu. Ya kwanza iliporuka mwaka 1943, ndege nyingine, Barracuda, ilikwisha chaguliwa. Je, wazo lile lilikuwa la kipumbavu? Mwaka 1955 Wamarekani walirusha Crusader, ndege ya vita ya melini, nayo iliinua bawa lake vivyo hivyo.

Sasa tujitazame. Muhula uliopita wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliunda pampu ya upepo ya kumwagilia bustani. Upepo wa hapa Morotonga ukayapasua mapanga yake ya bati siku ya tatu. Watu wakacheka, mabaki yakatupwa shimoni, wala haukuandikwa hata mstari mmoja. Muhula huu kundi jingine limeanza upya, tena kwa bati lile lile! Na bati, wazazi wanajua, hununuliwa kwa fedha.

Wapo wasemao kuwa maabara haina nafasi ya kuweka vyuma vibovu. Sawa, sitetei vyuma. Naomba kaunta moja la kwaya tatu, lifungwe kwa kamba mezani, na kila kundi liandike humo vipimo, mchoro, siku kilipovunjika chombo, na mahali kilipoanzia kuvunjika. Kundi la pampu laweza kuanza wiki hii, kwani mabaki yale bado yamo shimoni.