Motokaa Mpya Yenye Mkwaruzo



Mwezi huu, katika mazungumzo yetu ya nyumbani, twataka kujibu swali tuliloletewa barazani na mwalimu mmoja na mkewe. Watu hawa wameweka akiba miaka mingi, shilingi juu ya shilingi. Wamejinyima nguo za sikukuu, na mama amelima bustani na kuuza mboga, hata mwisho wakapata fedha za kununua motokaa, wapate kupeleka wagonjwa hospitali na mazao sokoni. Walipofika kwa mwuzaji waliiona motokaa mpya kabisa, haijapata kuendeshwa na mtu. Lakini mlango wake wa nyuma, upande wa kushoto, ulikuwa na mkwaruzo wenye urefu wa shibiri moja. Mwuzaji aliwaambia, "Uliumia safarini. Chagueni: ama tuupake rangi nanyi mlipe bei yote, ama mwichukue hivyo hivyo nami niwapunguzie."

Mume alifurahi sana. Alituambia, "Bwana Mwalimu, rangi haiendeshi gari. Mashine ni nzima, na bei imeshuka, tungoje nini?"

Mkewe alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni kweli, rangi haiendeshi gari. Lakini fedha hizi ni za watoto. Mtu huyu ametuonyesha mkwaruzo mmoja kwa sababu hauwezi kufichika. Nitajuaje kama hakuna wa pili ambao hakutuonyesha?"

Twakiri kwamba neno la mama yule tulilifikiri usiku kucha. Maana yako maswali mawili hapa, wala si moja. La kwanza ni la rangi, na fundi aweza kulijibu. La pili ni la uaminifu, na hilo ni la kila nyumba ya Mkristo, anunuapo na auzapo.

Tutazame kwanza rangi yenyewe. Watu wengi hudhani ya kuwa rangi ya motokaa ni pambo tu, kama utepe wa kofia. Sivyo. Rangi ni nguo ya chuma, na chuma kisicho na nguo huliwa na kutu. Kiwandani chuma huoshwa kwanza, kisha hutumbukizwa katika birika la rangi na kupitishiwa nguvu za umeme, ili rangi ile ishike kila pembe. Juu yake huja praima, na juu ya praima rangi tuionayo kwa macho, nyekundu au nyeusi au nyeupe. Mwisho wa yote hupakwa vanishi, iliyo angavu kama kioo, ambayo kazi yake ni kulinda rangi na jua na mvua na kuipa mng'ao.

Nguo hizi zote pamoja ni nyembamba mno. Mafundi hupima kwa maikroni, yaani milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Rangi yote ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hata 150 hivi, nayo vanishi peke yake yapata 40 au 50. Unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70. Basi nguo zote zinazokinga chuma ni kama unene wa nywele mbili tu. Kwa hiyo haifai kuudharau mkwaruzo kwa kuwa ni mdogo. Yatupasa kuuliza umeshuka kwenda chini kadiri gani.

Iko njia nyepesi ya kuujua. Pitisha ukucha polepole juu ya mkwaruzo kwa kuukata, si kwa kuufuata. Ukucha ukiteleza bila kukwama, mara nyingi mkwaruzo umo katika vanishi tu, na fundi mwema aweza kuuondoa kwa polishi bila kupaka rangi yo yote. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umeshuka chini zaidi, na yamkini utahitaji rangi. Tena ukiona weupe au ujivujivu wa praima chini yake, ama chuma chenyewe king'aacho, usikawie; hasa kwa ndugu zetu wakaao pwani, maana hewa ya chumvi huharakisha kutu. Lakini mkwaruzo ukiwa katika bampa la plastiki, hapo hapana hofu ya kutu, ni hasara ya sura tu.

Pengine mtu atasema, "Basi na apake mwuzaji, gari litakuwa kama lilivyotoka kiwandani." Hapa nako kuna jambo la kujua. Kiwandani rangi ya mwisho hukaushwa katika tanuru yenye joto la kadiri ya digrii 140, kwa kuwa motokaa ingali chuma kitupu. Karakana haiwezi kufanya hivyo, maana sasa kuna viti na nyaya na mipira. Hukausha kwa digrii 60 hivi, na kwa rangi ya namna nyingine iliyofanywa kwa kazi hiyo. Fundi hodari aweza kufanya kazi nzuri sana, hata jicho lisitambue. Fundi mbaya huacha vumbi ndani ya rangi, na mlango wenye rangi isiyofanana na jirani yake, hasa rangi zenye chenga za madini ndani yake. Kwa hiyo mkwaruzo mdogo ulioachwa kama ulivyo waweza kuwa afadhali kuliko mlango uliopakwa ovyo. Anayetaka upakwe na aulize: Ni nani atakayepaka? Je, waranti ya kutu ya kiwanda itabaki baada ya kazi ile?

Sasa twende kwa swali la mama. Ili kulijibu tutawasimulia habari ya kweli iliyotokea Marekani, katika jimbo la Alabama, nayo imeandikwa katika vitabu vya hukumu.

Mwezi wa Januari 1990 daktari mmoja, Bwana Gore, alinunua katika mji wa Birmingham motokaa mpya ya BMW, kwa dola 40,750 na senti 88. Aliiendesha miezi tisa wala hakuona ila yo yote. Kisha akaipeleka kwa fundi wa kung'arisha magari ili ipendeze zaidi, na fundi yule akatambua ya kuwa ilikuwa imepakwa rangi upya. Ikajulikana kwamba rangi ya asili iliharibika, yamkini kwa mvua yenye asidi, safarini kutoka Ujerumani, na kampuni ikaipaka upya sehemu kadha wa kadha kabla ya kuuzwa. Gharama ya kazi ile ilikuwa dola 601 na senti 37.

Kampuni hiyo ilikuwa na kanuni tangu mwaka 1983. Gari jipya likiharibika kiwandani au safarini, na gharama ya kulitengeneza isizidi asilimia 3 ya bei yake, liliuzwa kama jipya, wala mwuzaji wa mjini hakuambiwa kwamba limetengenezwa. Gharama ya gari la daktari ilikuwa kama asilimia moja na nusu tu. Haya, angalieni neno hili sana, wasomaji wetu: mwuzaji mwenyewe hakuambiwa. Mtu aweza kukuapia kwa moyo safi kwamba gari halina ila, kumbe yeye naye amefichwa.

Daktari alikwenda barazani. Shahidi aliyekuwa zamani mwuzaji wa magari hayo alisema kwamba gari lililopakwa upya hupungukiwa thamani kama asilimia 10, yaani dola 4,000. Pia ilionekana kuwa magari 983 yaliyopakwa upya kwa gharama ya zaidi ya dola 300 kila moja yalikuwa yameuzwa kama mapya pasipo kuwaambia wanunuzi, na 14 kati yake yaliuzwa Alabama. Raia walioketi kuamua walimpa daktari dola 4,000 za hasara yake, na juu yake dola milioni 4 za kuiadhibu kampuni. Mahakama kuu ya Alabama ilizipunguza za adhabu ziwe milioni 2. Kesi ikapanda hata Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 20 Mei 1996 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba adhabu ile ilipita kiasi mno, kwa kuwa hasara ilikuwa ya fedha tu, na rangi ile haikuharibu mwendo wa gari wala usalama wa watu. Mwaka 1997 mahakama ya Alabama iliishusha adhabu hata dola 50,000.

Hatusimulii haya ili watu wapende kesi. Kesi huchosha, na wengi wetu hatuna fedha za mawakili. Twasimulia kwa sababu ya mafunzo yaliyomo. La kwanza ni hili: kazi ya rangi iligharimu dola 601, lakini thamani iliyopotea ilihesabiwa kuwa dola 4,000, zaidi ya mara sita. Basi mwuzaji akikupunguzia kiasi cha gharama ya rangi tu, bado hajakupa haki yako yote, kama wataka kuiuza motokaa baada ya mwaka mmoja au miwili. Lakini kama nia yako ni kukaa nayo hata izeeke, hasara ile ni ndogo, maana motokaa ya miaka kumi haikosi mikwaruzo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize: nitakaa nayo miaka mingapi?

La pili: kampuni ile, ilipokwisha kupata hukumu ya milioni 4, mara iliweka kanuni mpya ya kuwaeleza watu kila tengenezo, hata likiwa dogo namna gani. Jambo lililoonekana kuwa gumu miaka mingi liliwezekana upesi. Kusema kweli hakukuwa kugumu. Kulikosa mtu wa kukudai tu.

Nasi tuwe watu wa kuidai kweli kwa upole. Mwalimu yule na mkewe tuliwashauri mambo matatu. Wasiende kuitazama motokaa jioni wala ikiwa imelowa maji, maana giza na maji huficha mengi. Waende mchana mweupe, waitazame kwa kuinama ubavuni pake. Waende na fundi mwenye chombo cha kupimia unene wa rangi, ambacho ni kidogo, chaingia kiganjani; sehemu za chuma zikisoma 120 hivi na sehemu moja ikasoma 250, hiyo imepakwa upya. Tatu, wamwombe mwuzaji aandike katika hati ya mauzo ni wapi pamekwaruzika, na kwamba sehemu nyingine hazijatengenezwa.

Walikwenda. Fundi alipima, akaona hesabu zote zalingana, ila mlango ule wenye mkwaruzo. Mume alipoomba maandishi, mwuzaji alisita, akasema hiyo si desturi yao. Mama akamwambia, "Baba, ulituambia kwa kinywa nasi tukakusadiki. Kwa nini kalamu iwe nzito kuliko kinywa?" Yule bwana akacheka, akaandika, akatia sahihi yake. Wakapatana bei, iliyopungua kuliko ile ya kwanza, wakaichukua motokaa na mkwaruzo wake. Siku ya pili fundi aliuziba kwa rangi kidogo ili kutu isipate mlango wa kuingilia. Hati ile imo katika kisanduku cha nyumba pamoja na cheti chao cha ndoa.

Je, walifanya vema? Twaona walifanya vema. Mkwaruzo ulioonyeshwa na kuandikwa ni jambo la bei, na bei watu hupatana. Ila iliyofichwa, hata iwe ndogo kama unywele, humfanya mnunuzi aitilie shaka motokaa nzima, na mwuzaji mzima. Kama mwuzaji angalikataa kuandika, tungaliwaambia waondoke, hata bei iwe tamu namna gani. Wahenga walisema rahisi ghali.

Lakini hatujamaliza. Kila anunuaye, siku moja atauza. Mwalimu yule atakapokuja kuiuza motokaa yake, na mlango umekwisha kupakwa ukapendeza, na mnunuzi hajui kitu, je, ataitoa hati kisandukuni? Hapo ndipo tutakapojua ya kuwa tulimdai mwenzetu kweli kwa kuwa twaipenda kweli, au kwa kuwa tulipenda fedha zetu. Torati iliwakataza watu kuwa na mawe ya kupimia ya namna mbili, moja la kununulia na moja la kuuzia. Siku hizi hatubebi mawe mfukoni, lakini twaweza kuyabeba moyoni, na watoto wetu wakayaona.

Basi enyi baba na mama, uzeni ng'ombe, au baiskeli, au motokaa, na mwonyesheni mnunuzi mkwaruzo kabla hajauona mwenyewe. Mtapungukiwa shilingi chache. Lakini mtoto anayesimama karibu na kusikia atajifunza siku ile neno ambalo sisi walimu twalifundisha mwaka mzima shuleni, wala halishiki.

Mungu akipenda, tutaonana tena mwezi ujao.